Nabii Niliyemtunga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Ugali wa bukari baridi tena! Mke wangu Bibiane, jioni zote yuko kwa Pasta Bertin, kule Shituru karibu na reli. Nakula peke yangu, naongea na mboga ya sombe. Namkosa, naandika wazi. Nikamwambia achague: Pasta au mimi. Akasema atamuuliza Pasta.

Nimebaki na silaha moja: elimu. Mwaka mzima nafundisha shuleni jinsi waandishi wa Ulaya, zama zile za vita vya dini, walivyomchora mshupavu wa dini: mtu anayemsikia Mungu akisema yaleyale aliyokuwa anayataka yeye. Walimcheka mpaka akakosa pa kujificha. Nami naandika tamthilia. Bibiane atacheka, atapona, atarudi mezani.

Jumatano, 5 Juni
Imekwisha! Yohana, mshona kofia wa Ulaya ya kale, anajitangaza nabii, anachoma vitabu vya jirani, mwishoni anakimbia akiwa na nguo za ndani tu. Mahubiri yake ni kurasa tatu za upuuzi mtupu. Kazi safi.

Nafasi ya nabii nimempa Pitshou, anayeita abiria kwenye stendi ya taxi-bus. Sauti ya kubomoa ukuta. Nimemwonya asitabasamu hata kidogo. Bibiane ameahidi kuja.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu! Salle ya maonyesho ilijaa. Pitshou akaanza mahubiri, nikangoja kicheko. Maman mmoja nyuma akasema Amina. Nikadhani anatania. Ukurasa wa pili, Amina kila kona, na mpiga ngoma wangu mwenyewe akakolea. Watu wakatoka msitari kwa msitari wakicheza, kama wakati wa matoleo, wakaweka sadaka ndani ya kofia ya mshona kofia!

Nikaruka jukwaani. Nikapiga kelele kwamba huyu ni mjinga, ni wa kuchekwa! Wakanikamata, wakanibonyeza kichwa, wakakemea pepo. Mkono uliobonyeza zaidi ulikuwa wa Bibiane. Sehemu ya nguo za ndani haikuchezwa.

Jumatatu, 10 Juni
Habari njema: Bibiane amemwacha Pasta Bertin. Habari mbaya: Pitshou amefungua kanisa nyuma ya stendi, na Bibiane anaimba kwaya. Pitshou anahubiri kurasa zangu tatu, neno kwa neno! Nikaenda kumwambia maneno ni yangu. Akanijibu kwa upole kabisa: "Papa Eugène, minye pia niliwaza ni yako. Kumbe weye ulikuwa tu bic."

Kalamu ya bic! Minye!

Jioni Pasta Bertin alikuja hapa analia, viti vyake vitupu. Akaomba tuungane. Nikamfukuza mpaka barabarani. Akili haifanyi mapatano na mtu!

Jumatano, 12 Juni
Nimeweka sheria nyumbani. Jina la Pitshou lisitajwe. Wimbo usiimbwe. Asiyekiri Akili asiketi mezani kwangu. Kitabu cha nyimbo cha Bibiane nimekichoma ndani ya jiko la mbabula, kwa faida yake.

Akautazama moto, akaniuliza kofia nitaanza kushona lini. Sikuelewa. Akafunga mizigo, akaenda kwa dada yake Kabedi. Nyumba imenyamaza. Nililia kidogo, halafu nikaacha, maana machozi ni silaha ya washupavu.

Ijumaa, 14 Juni
Kosa langu lilikuwa upole! Asubuhi nimepanda sanduku la bia hapo sokoni, na megafoni, nikahubiri Akili mpaka sauti ikakauka. Nikawataja washupavu wote kwa majina. Nikawaonya wasioamini Akili kwamba siku yao inakuja. Watu wakajaa! Mzee mmoja akapiga magoti. Maman mmoja akaniletea mtoto mwenye homa, nikamwekea mkono. Ningefanya nini?

Bibiane akapita na kikapu cha mboga. Akasimama. Akasikiliza. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la makala ya kupikia, anashika mbavu. Eh Mungu, miezi sijasikia kicheko kile! Nikamwita kwa megafoni arudi nyumbani, nampenda, mbele ya soko lote.

Akajipangusa macho. Akasema na kule kwa Pitshou amekwisha kuacha, na leo hii atapika bukari ya moto, tule wawili. Sharti moja tu: nishuke kwenye sanduku.

Nishuke! Sasa hivi, wakati Akili imeanza kunitumia kama chombo chake!

Sishuki.