Nguo za Ayuma Sokoni Khayega

Jumamosi, 2 Machi 1996

Oliver wa nyumba ya pili ameleta kitanda cha mtoto kutoka Nakuru. Kina magurudumu! Tumbo la mkewe hata halijaonekana vizuri. Ameacha mlango wazi tangu asubuhi ili mtaa wote wa Shieywe uone. Nimepita hapo kila mara bila kugeuza shingo. Shingo inauma.

Kageha wangu amebakisha wiki chache. Akina mama wa kanisa wamemwonya kwamba mtoto hanunuliwi nguo kabla hajalia. Sawa. Lakini ukingoja alie, muuzaji anakuona ukija mbio unatokwa jasho, bei inapanda. Mimi si mtoto wa jana. Nina mpango.

Chini ya kitanda chetu kuna sanduku la bati lenye nguo za Ayuma, kifungua mimba wetu. Malaria ilimchukua mwaka jana kabla hajaota jino. Mtoto mpya hawezi kuvaa nguo za marehemu, hilo hata mimi najua. Basi zibadilishwe sokoni, nguo kwa nguo. Sitoi hata ndururu! Nashangaa hakuna aliyewaza hili kabla yangu.

Jumapili, 3 Machi

Kageha amebaki kanisani na akina mama. Nimefungua sanduku. Juu kabisa kulikuwa na sweta ya njano aliyoifuma mama mkwe. Nimekaa sakafuni kidogo. Vumbi la masanduku ni baya sana kwa macho. Kisha nimetia kila kitu katika gunia, na sandukuni nikajaza magazeti ili uzito usipungue. Akili ni nywele.

Jumanne, 5 Machi

Nimesingizia tumbo kazini. Mizani ya miwa itajisomea yenyewe leo. Nikaenda Khayega na gunia langu.

Naliaka, muuza mitumba, ni mwanamke mgumu. Tumevutana mpaka jua likafika utosini. Nimepata nepi, soksi, kofia mbili na shali isiyo na tundu. Ushindi! Akauliza nguo hizi zilizotunzwa hivi ni za nani. Nikasema ni za binti yangu, zimembana, amekua. Akasema Mungu ashukuriwe. Nikasema amina. Baada ya hapo sikutaka tena kukaa pale.

Kugeuka, namwona mama mkwe anakuja kwa njia ileile! Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso. Ni aibu kubwa. Nikajitupa nyuma ya mapazia ya kuuza. Miguu ikabaki nje. Nikamsikia amefika mbele ya rundo la Naliaka, anapekua nguo. Kisha akamwambia Naliaka:

"Mwambie mwenye viatu hivyo kwamba sweta hii niliifuma mimi."

Naliaka akaniambia, utadhani mimi ni kiziwi. Nikamwomba amwambie mama kwamba namheshimu sana na kwamba kazini mambo si mabaya. Mama akauliza bei ya sweta, akalipa bila kuomba kupunguziwa chochote. Kuharibu bei za watu namna hiyo! Nimebaki nyuma ya pazia mpaka ameondoka kabisa.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Nimetoka kazini nimekuta magazeti yote sakafuni na Kageha ameketi kando ya sanduku. Sikuwa na habari kwamba yeye na lile sanduku wana mambo yao.

"Nilikuwa nalifunguanga kila ukienda kazini," alisema. "Lilikuwa na harufu yake. Sasa hiyo harufu umempa nani?"

Nikamtandazia nepi. Nikamwonyesha shali. Nikaeleza jinsi hatukutoa kitu mfukoni. Akazikunja zote vizuri, moja moja, akaziweka mezani, akaenda kulala ameelekea ukuta. Hakulia. Afadhali angelia. Ningejua la kufanya, ningemletea maji. Nimekula ugali peke yangu.

Ijumaa, 8 Machi

Tumbo tena kazini. Nimerudi Khayega na nepi zote ili tubatilishe mapatano. Naliaka akasema nguo safi hazilali, zimekwenda zote, kila moja na mtu wake. Ikabidi nimwambie ukweli kuhusu Ayuma. Akaweka chini alichoshika. Akasema angejua, asingezichanganya na za watu, angenirudisha nyumbani nazo. Akapekua chini ya turubai akapata soksi moja ya Ayuma, akanipa bure. Nikamuuliza kama soksi ya pili haipo. Akageukia mteja mwingine.

Nimerudi, nyumba imefungwa. Oliver ndiye aliyenipa ufunguo. Kageha amekwenda kwao Maragoli kujifungulia huko. Oliver mwenyewe ndiye aliyembebea mfuko mpaka stendi, na amenisimulia kwa huruma, ambayo sikuiomba. Kisha akanikaribisha chakula. Nimekula nikiwa nimebanwa kati ya meza na kile kitanda cha magurudumu. Kuku alikuwa mtamu. Inauma.

Jumapili, 17 Machi

Msichana! Alizaliwa Alhamisi. Nimefunga safari mpaka Maragoli, lakini mama mkwe yumo ndani, siwezi kuingia. Nimesimama kando ya zizi, mvua inaninyea, na ng'ombe wananitazama kama mkopaji. Shemeji Muhonja akanitolea mtoto chini ya mwavuli. Ana paji la uso la Ayuma. Lilelile.

Nimelia. Sikuweza kusingizia vumbi, kulikuwa na tope kila mahali. Nimelia mbele ya shemeji na mbele ya ng'ombe, nikashindwa kunyamaza. Kageha akatoka mlangoni, akasimama huko akiniangalia.

"Mimi nilidhani ulimsahau," alisema.

Nikamwambia siwezi. Nikikaa bure namwona. Ndiyo maana nakuwanga na mipango mingi, nisikae bure. Sijui maneno hayo yalitoka wapi, sijawahi kuyasema hata moyoni.

Kageha akasema atarudi, lakini kwa sharti moja. Kaburi la Ayuma kule kwetu Malava limeanza kudidimia, majani yamelifunika. Anataka nilijengee kwa simiti na jina liandikwe, ili Ayuma wake awe na mahali pa kuitwa kwa jina. Nikaapa. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupa na nikaona nimepona. Njia nzima nimekuwa nikisema moyoni kwamba sasa mimi ni mtu mwingine.

Jumamosi, 30 Machi

Malava. Kazi imekwisha, na kwa akili! Jirani wa baba alikuwa amejenga choo, simiti ikambakia, imeanza kuganda lakini si sana. Nimeipata kwa kumsaidia kubeba mawe. Kaburi limetoka laini, zuri. Nimeling'olea majani kwa mikono yangu mwenyewe, na nikazungumza naye kidogo, mwanangu.

Kasoro ni huyu fundi Wanzala. Kumbe anayechora jina analipwa kwa herufi! Wizi wa mchana. Nimemuuliza yeye ni binadamu au ni posta ya telegramu. Tumevutana tangu asubuhi, hashuki, hana aibu, na amesimama juu ya msiba wa watu.

Lakini nimemshinda. Nimelipia A. Ni A kubwa, imenyooka, unaiona tangu njiani. Zilizobaki mama yake anazijua.

Kageha anafika kesho na mtoto kuja kuona. Hamu ya kumwona uso wake hainipi raha. Atafurahi sana.