Bima Imekubali Goti la Kushoto

Marafiki, leo nimevunjiwa heshima, tena na goti langu mwenyewe.

Mnajua nauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Miaka ya kuinamia marobota imeniachia goti la kulia linalolia kama mlango wa kanisa (ndiyo, hata majirani hulisikia). Bima ya kazini kwa mzee wangu, Baba Wanja, inalipia matibabu ya viungo, lakini lazima waombwe kibali kwanza. Tumengoja wiki tatu. Leo asubuhi tukaitwa kliniki, mtaa wa Komarock.

Dada wa mapokezi akasoma kompyuta. "Mama Wanja, bima imekubali. Picha na sindano, goti la kushoto."

"La kushoto?"

"Eeh, la kushoto. Kuna shida?"

Nikayatazama magoti yangu. Nikainua mkono ninaolia chakula, nihakikishe kulia ni wapi. Sasa nikisema ukweli, si wataanza upya? Wiki tatu zingine nikishuka ngazi kinyumenyume?

"Hakuna shida," nikasema.

Baba Wanja akaninong'oneza, "Lakini si ni la..."

Nikamkanyaga anyamaze. Kwa mguu wa kulia. Aliyetokwa na machozi ni mimi.

Jamani, kuchechemea mguu usiouma ni kazi! Hatua nne tu nikasahau ni upi. Nikachechemea yote miwili. Nikaingia kwa daktari kama bata.

Daktari, kijana mpole, akanipandisha kitandani. Akanyoosha kidole. "Ni hapa?"

"Uuuwi!"

"Mama, sijagusa bado."

Akagusa. Akalikunja goti, likakunjika bila hata mlio. Akakuna kichwa. Akabonyeza la kulia. "Na hili?"

Nikauma leso. "Hilo... liko... sawa... Yesu asifiwe."

Picha ikapigwa. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena. "Goti hili ni la msichana wa miaka ishirini. Sielewi."

"Hata mimi sielewi, daktari." (Huo ndio ukweli pekee niliosema siku nzima.)

"Hebu shuka utembee nione."

Nikashuka. Nikatanguliza mguu wa kulia. Kraak! Nikashika pazia la kati ya vitanda, likaja pamoja na chuma chake. Upande wa pili, mzee wa watu amelala kifudifudi, suruali magotini, anangoja sindano. Tukatazamana. Akasema, "Habari ya asubuhi." Nikajibu, "Nzuri," nikiwa chini!

Baba Wanja akashindwa kuvumilia. "Daktari, ni la kulia! Tangu mwaka jana ni la kulia!"

Daktari akaniinua taratibu. "Mama, kwa nini hukusema? Hayo ni makosa ya kuandika tu. Tungewapigia simu watu wa bima."

Akapiga. Kabla sijamaliza kuvaa kiatu, kibali kilikuwa kimebadilishwa. Picha nyingine ikapigwa, nikaambiwa gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa, limesagika. Nikachomwa sindano, nikafundishwa mazoezi. Nikitoka, yule dada wa mapokezi akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, sasa tuandike ni goti lipi hasa?"

Chekeni, lakini polepole. Na wewe unayesoma, ukiumwa kulia, lilia kulia.