Bata Waliojibu Kutoka Uvunguni

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu Bong kaniamsha mara nne. Nimechoka hadi nimeteka maji kwa chujio. Ng'ambo ya mfereji wameanza kuvuna mpunga, na harufu ya mabua imenirudishia marehemu baba: mtumbwi wake, bata mia tatu mbele yetu, mimi nimekaa juu ya gunia, na wito wake, "Lit, lit, lit." Tulihama shamba hadi shamba, bata wakiokota punje zilizoanguka. Mwaka huu lazima nitoke na wangu thelathini. Bong akae palepale nilipokaa.

Kikwazo ni Dokta Khue wa mifugo. Anatengeneza kipimo kipya cha damu ya bata, anatafuta kingamwili za ule ugonjwa wa bakteria unaowatikisa shingo. Anasema bata akishaugua, hata akipona, damu yake inakumbuka. Kundi lenye kumbukumbu hiyo haliruhusiwi kutoka kwenda mashambani. Wangu wawili walikufa mwaka jana, chali, miguu ikipiga kasia hewani. Hilo sikumwambia.

Jumatano, 5 Machi
Jirani yangu, mjomba Luom, kapita kujisifu. Bata wake hawajapiga hata chafya. Akauliza kama wangu bado wanalala chali kama watalii. Nikacheka kwa adabu. Kisha akaomba nimwangalizie wake ishirini Ijumaa. Nyumba nzima inakwenda kwa kaka yake, karamu ya kukumbuka siku aliyofariki mama yao.

Ijumaa ndiyo siku ya Khue kuja kwangu. Nikamwambia mjomba asijali, ale taratibu.

Ijumaa, 7 Machi
Alama ya Luom ni rangi nyekundu bawani. Yangu kijani. Kijani juu ya nyekundu imetoa rangi ya matope, lakini nani atakagua? Wa Luom wakaingia bandani mwangu. Wangu wote uvunguni mwa kitanda, nikaziba kwa mkeka. Bong akapiga makofi.

Khue akataka niwaite. Nikaita kama baba. Bandani hakugeuka hata mmoja. Uvunguni wakaitika wote thelathini. Khue akauliza, dada, hiyo nini? Nikasema mtoto ana gesi. Akamtazama Bong kwa huruma, akaendelea kutoa damu.

Jioni nikarudisha bata wa watu. Luom akauliza mbona wamechafuka. Nikasema matope, mjomba.

Ijumaa, 14 Machi
Majibu. Ishirini wote wana kingamwili. Hawajapiga chafya, eti!

Luom mwenyewe kaja kunipa pole. Banda linataka usafi, mwanangu, baba yako hakukufundisha? Nikamtilia chai. Sikumwagia mtu.

Jumatatu, 17 Machi
Juzi nilikwenda kuungama kwa Khue, Bong mgongoni. Alicheka mpaka akavua miwani, akaja kutoa damu ya wangu wa kweli. Leo jibu: safi. Wale wawili wa mwaka jana huenda walikula kitu kibovu tu. Ningetulia, leo ningekuwa mashambani.

Lakini Khue anasema wamelala kwenye banda walimoshinda wagonjwa wa Luom. Huenda wameambukizwa, na damu haijapata muda wa kuonyesha. Wakae ndani wiki mbili, wapimwe tena. Nikamwambia mavuno yatakuwa yamekwisha. Akasema anajua. Nikamsimulia mtumbwi na gunia. Akaniomba nimwitie ule wito mara moja. Nikaita. Safari hii waligeuka wote.

Jumapili, 30 Machi
Mashamba yameshafunguliwa maji. Trekta linazunguka pale tulipokuwa tukichemsha mayai kwenye birika, mimi na baba.

Nimetandika gunia kando ya banda, nimemkalisha Bong. Akachukua kinyesi cha bata. Nikamwambia hapana ni hapana. Akanitazama, akageukia banda, akasema, "Lit." Vichwa thelathini vikainuka. Neno lake la kwanza. Nikamfuta makamasi, na yangu pia.

Jumanne Khue anakuja na sindano. Wakiwa safi, mavuno ya Julai tunatoka. Ila asubuhi mmoja katikisa kichwa mara mbili. Labda nzi. Labda.

Bibi Sau wa ng'ambo ya mfereji ana bata watulivu, macho makavu. Nimemuuliza, kwa mapenzi tu, kama Jumanne hana karamu ya kwenda. Anayo.

Uvungu ulinisaliti, safari hii wangu nitawaficha kwenye mtumbwi wa baba. Kopo la rangi limebaki nusu. Alama ya Bibi Sau ni njano, na njano kwa kijani zinapatana kabisa.