Mtungi Unasikia Baridi

Jumatatu, 7 Julai
Daktari amesema moyo wangu umechoka. Basi nitaandika ukweli, binti yangu Elinipa ausome nikishazikwa.

Baridi kali. Mlima Meru hatujauona siku ya nne leo. Birika la chai limechukua dakika arobaini. Moto wa gesi ni kama wa kiberiti. Simwambii mtu. Elinipa alishasema: harufu ya gesi ikisikika tena humu, nyumba hii ya Kijenge inafungwa, nahamia kwake Sombetini. Chumba kiko tayari, kinachangia ukuta mmoja na televisheni. Bora kaburi!

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Tatizo nalijua. Mtungi unasikia baridi. Nimeuvika blanketi langu.

Jumanne, 8 Julai
Sikulala kwa baridi. Mtungi umelala vizuri. Moto uleule.

Mpango wa pili: kuusimamisha mtungi kwenye beseni la maji ya moto. Kuyachemsha maji hayo kwa moto huo kumechukua saa mbili na nusu. Nilipomaliza kuukokota mtungi, yalikuwa yamepoa. Nimenawa miguu.

Jumatano, 9 Julai
Nimeulaza mtungi ubavu, gesi itiririke yenyewe. Imetiririka! Moto umeruka hadi darini. Nyusi zimekwenda.

Jirani yangu, Mama Tabea, akaita kutoka ng'ambo ya ua kwamba ananusa gesi. Nikamjibu ni dawa yangu ya kuchua mgongo. Akauliza ni mgongo gani huo unaonuka mtungi. Akasema kama nina haraka ya kufa nife peke yangu, yeye ana wajukuu. Akaingia, akafunga mtungi, akafungua madirisha yote, akampigia Elinipa simu. Mwanamke huyu hajawahi kunipenda.

Alhamisi, 10 Julai
Elinipa kaja na fundi wa gesi, Calvin. Hata shikamoo ya binti yangu ilikuwa fupi. Calvin kapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Mapovu yakafumuka kila mahali. Mpira umepasuka tangu Pasaka. Niliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa ustadi.

Mtungi una gesi zaidi ya nusu. Hausikii baridi wala nini. Matundu ya jiko ndiyo yaliyoziba: uji wangu uliofurika. Kayazibua kwa sindano, kaweka mpira mpya, moto ukawa wa bluu. Akaagiza mtungi usimame wima, usipashwe joto kamwe, ufungwe kila baada ya kupika. Nikamsahihisha kidogo kuhusu mgandamizo wa gesi. Akasema sawa, mwalimu, lakini nyusi ziko wapi?

Elinipa hakucheka. Nahama kesho kutwa.

Ijumaa, 11 Julai
Mchungaji kaniletea meza ya Bwana nyumbani. Nimeungama yote: blanketi, beseni, ubavu, uongo wa dawa. Nimeapa sitagusa tena vitu vya gesi mpaka naingia kaburini. Nimelia. Mchungaji kalia. Elinipa katusikiliza mlangoni, kisha akaendelea kufunga masanduku.

Jumapili, 13 Julai. Sombetini
Chumba hakina ubaya. Ila nimechungulia jikoni. Moto wa Elinipa ni mkubwa kupita kiasi! Gesi inapotea bure na hakuna msomi wa kuwaambia. Wote wameenda ibadani; mimi nimesingizia moyo. Regyuleta ya mtungi inahitaji kulegezwa kidogo tu.

Plaizi iko juu ya friji.