Malalamiko Kuhusu Kibla ya Bofu Inayohama

Bofu, Likoni
Juni 1962

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi wa Msikiti, Maalim Aidarus, ambaye pia ni mpwa wangu, na aliyewahi kunikojolea kanzu ya Idi,

Assalaam aleikum. Baada ya heshima zinazokustahiki, mimi mjombako Jamaludin, fundi wa mota karakana ya Changamwe, nalalamika rasmi. Kamati yako imeninyang'anya jiwe la kwanza la mihrabu nililoahidiwa, ikampa Awadh muuza duka, eti kwa kuwa nimesema kamba mliyovuta ya kibla imekwenda upande. Makosa yenu ni haya:

1. Kipimo changu mmekiita mtego wa panya. Wallahi, ile ni elimu. Bati la chuma nimelipitishia umeme wa betri kwa urefu, na mbavuni nikafunga nyaya mbili ziendazo kwenye mita. Sumaku ikikaribia, umeme huchepuka ubavuni na mshale wa mita huruka. Bati la shaba nalo huchepusha, lakini kwa aibu. Chuma kina usumaku wake tumboni, kwa hiyo huchepusha kwa kiburi. Na kwa kuwa kibla yetu hapa ni kaskazini, na sumaku ya dunia nayo huvuta huko huko, nakizungusha kipimo mpaka mshale uruke kuliko kwingine kote. Upande niliotia alama ya chokaa ukielekea mahali, basi hapo ndipo kibla.

2. Mmesema hakina hisia. Hisia nimezikoleza mwenyewe! Bati nimeligonga likawa kama ganda la kitunguu, nikalichoma kwenye jiko la mke wangu Zubeida, nikalipoza polepole jivuni, kisha nikalichovya nikeli. Msimamizi wetu wa karakana, Phineas, amekiri kwamba sasa linasikia kuliko mama mkwe. Kila asubuhi nalijaribu kwa sumaku ya spika ya redio mbovu, halafu sumaku naihifadhi mahali salama.

3. Ijumaa nilikiweka kipimo juu ya kigoda pale kiwanja cha msikiti, nikakaa upande wa kisima: kibla ikawa kisimani. Jumamosi nikakaa upande wa duka la Awadh: kibla dukani. Jumapili nilikaa upande wa choo. Matokeo sikuyatangaza, kwa adabu. Mwenye elimu ndogo angesema kipimo ni kibovu. Mimi nasema Likoni inageuka. Feri inagonga gati kutwa. Kitu gani kigongwe upande mmoja miaka yote kisigeuke?

4. Kwa hiyo naomba ujenzi usimame, feri ifungwe magodoro ya usumba, na msikiti ujengwe juu ya magurudumu. Uhuru uko njiani. Tusiupokee tukiwa tumekaa mshazari.

5. Nyumbani nakigeuza kitanda kila siku ili miguu yetu isielekee kibla. Zubeida amehamia kwa mamako, asema atarudi kibla ikitulia. Lawama hiyo ni ya kamati.

Aidarus mwanangu, nalitaka jiwe langu. Karakana nzima, tangu Phineas hadi Kioko wa langoni, nimewaambia mkono huu ndio utakaoliweka. Akiliweka Awadh, mimi nitapitia lango gani?

Nisalimie mamako Kuluthum, na Zubeida akiwa hajanuna. Awadh msalimie pia, lakini kwa ufupi.

Ni mimi, wenu katika dini na umeme,
Jamaludin

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha joto lilinizidi, nikavua koti langu la kila siku nikalitundika ukutani. Nikapima mara ya mwisho, kibla ikawa kwenye koti. Nikapekua mfuko wa ndani: sumaku ya spika. Kumbe mahali salama palikuwa kifuani pangu. Siku zote hizo kipimo kilikuwa kikinionyesha mimi, nami nikaona ni jambo la kawaida kabisa.

Sumaku nimeipeleka kwa jirani, nikarudi kiwanjani kupima upya. Alama ya chokaa imeelekea sawasawa na kamba yenu. Barua naituma hivyo hivyo, maana namba moja na namba mbili ni kweli tupu. Jiwe mpe Awadh. Mimi nitamkorogea saruji, bila koti. Na Zubeida mwambie kitanda kimerudi mahali pake.