Makaroni ya Bosi Kwenye Trei ya Barafu

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mke wangu amerudi kazini leo. Nimebaki na Bosi, binti yetu wa miezi minane, hana meno ila ana msimamo. Kibanda changu cha kutengeneza saa kimefungwa wiki nzima, paa linazibwa. Kijiko cha kwanza cha boga: katema. Cha pili: katema hadi ukutani.

Mke wangu kanipa mpaka Jumamosi. Mtoto asipokula, mke wangu atamwita mama yake aje kutulelea. Mama mkwe namheshimu sana, hasa akiwa kwake. Mara ya mwisho alikuja kwa siku mbili, akakaa miezi mitatu, na kila nilipomshika mwanangu alinipokonya, eti nitamvunja shingo. Safari hii hapana! Nataka mwanangu ale mkononi mwangu.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Wazo! Makaroni. Napika mara moja, nagandisha kidogo kidogo, kila mlo uko tayari.

Swali: mtoto mmoja hula makaroni mangapi? Sikujua, nikamwaga pakiti nzima. Jamani, kumbe yanavimba! Sufuria moja ikawa mbili na beseni juu. Nimeyakata kwa mkasi, nikayapanga kwa kibano na lenzi ya kazini. Vipande kumi na viwili kwa kila kijumba cha trei za barafu. Kumi na kimoja vinacheza, kumi na vitatu vinabanana. Bosi kanitazama muda wote bila kupepesa. Nadhani alikuwa anahesabu pia.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Kliniki. Nimemuuliza muuguzi maswali tisa. Kasema nisitie chumvi, nipashe mpaka mvuke utoke, nipoze ndipo nimpe, na kilichoyeyuka nisikigandishe tena. Nilipofungua mdomo kwa la kumi, akaita anayefuata.

Nimebandika lebo kila kijumba: cha saa sita na dakika kumi, cha saa kumi kasorobo. Ufundi wa saa huo! Lebo zote zimebanduka kwenye friza. Bosi naye hafuati saa. Katema cha mchana, katema cha jioni.

Mke wangu karudi na kiu. Kamimina juisi, katia barafu. Katikati ya glasi akaacha kunywa, akatema kipande cha makaroni. Akaniuliza, kwa upole ulionitisha, kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikamwambia vimebaki vijumba themanini na vinne. Akasema simu ya mama yake inapatikana muda wote.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Friza imejaa hadi haifungi. Mchana nimejipashia vijumba sita, nikaketi sakafuni kula mwenyewe, kwa uchungu. Bosi akatambaa, akashika goti langu, akachomoa kipande sahanini mwangu. Akala!

Nikampa kingine kwa kijiko chake: katema. Sahanini mwangu: kameza. Kwa nini? Makaroni ni yale yale, baba ni yule yule! Nimerudia mara nane. Nilipojifanya namnyima, akala maradufu. Mwanangu mwizi. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Bosi kaniibia vijumba vitatu mbele ya mama yake. Mke wangu kanikumbatia. Kasema basi, yameisha, hana haja ya kumsumbua mama. Nimeshinda!

Ila ushindi bila shahidi una ladha gani? Nilitaka tu kujua mama mkwe ataonyesha uso wa namna gani. Udadisi, si majivuno. Nikampigia mwenyewe: aje kesho, saa moja tu, ajionee. Mke wangu aliposikia alikaa kitini akashika kichwa. Sikuelewa.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Mama mkwe kaja na masanduku mawili. Bosi kala kutoka sahani yangu. Safi. Kisha kutoka sahani ya bibi yake. Kisha kwa kijiko cha bibi yake, mdomo wazi, bila hata kuiba chochote! Msaliti.

Mama mkwe kalia kwa furaha. Kasema mtoto mwenye hamu ya chakula namna hii haachiwi mwanaume peke yake. Atakaa kidogo, mpaka Bosi aanze shule.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Leo sijamshika mwanangu hata mara moja. Inauma. Lakini nimefikiri sana, na kosa nimeliona: nilialika mtu asiye na haraka. Baba mkwe ni tofauti, yule ana shughuli zake. Nimempigia aje upesi, amwone mjukuu anavyokula, kisha aondoke na mkewe.

Kakubali papo hapo. Kauliza swali moja tu: kwetu kuna magodoro mangapi?