Mbwa Anayetaka Bahari

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Dada yangu Rika amerudi kutoka kwa yule mwanamke anayesikia wanyama. Kavua koti, kalitundika, kaketi, kisha katangaza kwamba Boef hana raha hapa mjini Zutphen. Boef anataka bahari!

Boef ni mbwa wetu. Ni mzee, ana miguu mifupi, na bahari hajaiona tangu azaliwe. Habari hizi zilipotolewa yeye alikuwa amelala juu ya kiatu changu, anakoroma. Nilimwonyesha Rika jambo hilo. Akasema kulala kupita kiasi ndiyo dalili yenyewe.

Halafu likaja jambo lenyewe. Dada yangu amepata kijumba katika kisiwa cha Texel. Atahama na mbwa mwisho wa mwezi. Nikauliza, na mimi? Akasema mimi sitapata shida, nina chama changu. Nikauliza, na supu ya njegere? Akasema si ngumu, atanionyesha.

Tumeishi nyumba hii pamoja tangu mama afariki. Hatujawahi kugombana, isipokuwa kuhusu dirisha la jikoni.

Nimefikiri kwa utulivu. Huyo msikiliza wanyama, Bi. Jorien Vos, hasikii chochote. Kama hasikii chochote, Boef hakusema chochote. Kama Boef hakusema chochote, hakuna habari ya bahari. Na kama hakuna habari ya bahari, Rika anabaki. Hoja safi kabisa! Kilichobaki ni kuthibitisha hatua ya kwanza tu. Nimekula vizuri.

Jumatano, 5 Novemba

Mkutano wa Chama cha Wenye Mashaka, sisi tunaopima madai ya ajabu, chumba cha nyuma cha maktaba. Mahudhurio mabaya. Mimi, katibu. Dokta Pauw, mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu. Na mzee mmoja aliyedhani ni mkutano wa wafuga nyuki; akabaki kwa sababu ya kahawa.

Nikapendekeza tumpime Bi. Vos. Dokta Pauw akasema ni wazo zuri, lakini kwanza tujue anadai nini hasa, kwa maneno yake mwenyewe. Pia pande zote mbili zikubaliane mapema ni matokeo gani yatahesabiwa ushindi na yapi kushindwa, ili baadaye asiwepo wa kuruka maneno yake. Nikasema hayo ndiyo niliyokuwa karibu kuyasema. Sikuwa karibu.

Kisha akasema mtu mwenye maslahi yake hafai kuongoza jaribio. Akanitazama. Amesikia habari za Rika, mji huu mdogo. Nikasema sina maslahi yoyote, mimi ni mtumishi wa ukweli. Akasema vizuri, basi mtumishi abuni jaribio, yeye atakuwa mwamuzi.

Miaka yote hii anasahihisha alama zangu za mkato. Safari hii atakuta karatasi haina pa kusahihisha.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeenda kwa baiskeli hadi kwa Bi. Vos. Nilitarajia mitandio, mishumaa na paka mweusi. Nimekuta mama mnene aliyevaa mabuti ya mpira, anamkata mbuzi kwato. Akaniambia nimshikie pembe. Nikashika. Hiyo si njia ya kumpokea mpelelezi.

Ndani, kahawa na biskuti moja. Sawa. Lakini alifungua kopo tena akanipa ya pili! Kwetu hakuna mtu anayemfungulia mgeni kopo la biskuti mara mbili bila nia. Nimeandika: jaribio la hongo. Biskuti ilikuwa nzuri.

Nikamweleza mpango. Vyungu vitano vya maua vimefudikizwa sakafuni. Chini ya kimoja kuna soseji ya maini. Boef anaonyeshwa ni kipi. Kisha anapelekwa kwake, naye anamsikiliza na kutaja chungu. Mara kumi. Kwa kubahatisha tu atapata kama mbili. Akitaja sawasawa mara sita au zaidi, tutakubali kwamba anasikia.

Akakubali yote. Hakubishana hata kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nikabaki na hoja zangu mkononi.

Akasema Boef huongea kwa sauti ya chini, lakini atajitahidi. Halafu akauliza, "Na ukishindwa, Bwana Gerlof, utakubali?"

Nikasema bila shaka.

"Na ukishinda?"

Sikuelewa swali. Nikishinda nimeshinda.

Jumapili, 9 Novemba

Mazoezi jikoni. Nimepanga vyungu, nimeficha soseji, Boef ametazama. Nikamketisha katikati. Akakikodolea macho chungu chenye soseji, mate yanamtoka, mkia unapiga sakafu. Nimebadilisha chungu. Vilevile. Nimebadilisha tena. Vilevile!

Rika alikuwa kwenye kiti chake anafuma soksi. Akataja kila chungu bila kuinua kichwa. Hajakosea hata mara moja.

"Pengine na mimi ninasikia, Gerlof," akasema.

Nikamweleza kwamba hii ni kasoro ya kiufundi. Dawa yake: Boef aonyeshwe soseji chumba kimoja, kisha apelekwe chumba kingine kisicho na chungu hata kimoja. Lakini anayempeleka akijua jibu, atalionyesha usoni bila kutaka. Kwa hiyo anayempeleka asijue. Na anayeficha soseji asionane kabisa na Bi. Vos. Na chungu kichaguliwe kwa karatasi za kuokota kofiani, maana binadamu akichagua mwenyewe huwa na mazoea.

Nimeandika yote. Kazi nzuri sana. Rika aliisoma, akasema kweli ni nzuri, nina akili. Akanimegea kipande kikubwa cha keki ya tofaa. Inaonyesha ameanza kubadilisha mawazo!

Baada ya chakula nimemkuta anafunga vikombe vya mama kwa magazeti. Nimeuliza ni vya nini. Akasema vya Texel.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeamka na wasiwasi kidogo. Itakuwaje akibahatisha vizuri? Bahati haina adabu. Ukweli unahitaji kusaidiwa.

Wazo! Nimshibishe Boef jibini kabla. Mbwa aliyeshiba hafikirii soseji. Asipofikiria soseji, hana cha kumwambia Bi. Vos. Huu si udanganyifu. Ni kuimarisha matokeo.

Alhamisi, 13 Novemba

Mazoezi ya mwisho na Dokta Pauw, ukumbi wa kwaya. Boef aliingia akitembea kama pipa. Akachungulia soseji, akageuza uso. Furaha yangu! Kisha akamwendea Dokta Pauw, akatapika jibini lote juu ya kiatu chake cha kushoto.

Dokta akaangalia kiatu. Akaniangalia mimi.

"Umemlisha?"

Nikasema kidogo.

"Kwa nini?"

Nikamweleza nadharia yangu yote. Akasikiliza hadi mwisho, anajifuta kwa leso. Kisha akauliza taratibu, "Gerlof, kwa maoni yako huyu mama anasikia mawazo ya mbwa?"

Hapana! nikasema. Hata kidogo!

"Sasa mawazo ya mbwa unayafuta ya nini?"

Nimelitafakari swali hilo njia nzima ya kurudi. Si swali la haki.

Uamuzi wa mwenyekiti: siku ya jaribio mimi nitahudumia kahawa, kwenye korido, mbali na mbwa, mbali na vyungu, mbali na Bi. Vos. Mbunifu wa jaribio! Anamimina kahawa!

Jumamosi, 15 Novemba

Siku yenyewe, ukumbi uleule wa kwaya. Nitaandika kwa mpangilio.

Dokta Pauw alikuwa chumba cha mbele na vyungu, kofia na soseji. Mkutubi wa maktaba tunakokutana, ambaye hajui wala hajali, alikuwa anamchukua Boef mlangoni na kumpeleka chumba cha nyuma. Huko alikaa Bi. Vos, na shahidi wa kuandika majibu, yule mzee wa nyuki. Kajitolea mwenyewe. Watu wapatao ishirini walikaa ukumbini wakingoja, wengi wao ni wateja wa Bi. Vos, wamekuja na mbwa wao. Mmoja kaja na kobe. Rika alikaa mstari wa mbele, koti hajavua.

Mimi koridoni na birika.

Kila Boef alipopita nilitazama ukutani, kama nilivyoamriwa. Mara moja tu nilimtazama. Na yeye akanitazama. Hakuna ujumbe wowote uliopita.

Mwisho, Dokta Pauw akalinganisha karatasi mbele ya watu wote. Mbili! Mbili kati ya kumi! Bahati tupu, kama nilivyoandika tangu mwanzo! Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu, nikaacha.

Bi. Vos alizitazama karatasi kwa muda. Nilimngojea aanze visingizio. Baridi, pazia, nguvu mbaya ya katibu. Nilikuwa na jibu la kila kimoja. Hakutoa hata kimoja. Alisema, "Basi. Nilidhani nimemsikia." Akainama akamkuna Boef nyuma ya sikio, na uso wake ukawa wa mtu aliyepotelewa na kitu nyumbani kwake mwenyewe. Yule mwenye kobe akaanza kulia.

Miguu yangu ilikuwa baridi. Koridoni hakuna joto.

Nikamwendea Rika na matokeo. Akanishika bega. "Hongera, Gerlof. Umelifanya vizuri." Ushindi kamili! Kisha akanipita, akaenda kwa Bi. Vos, akamwambia asiende nyumbani peke yake katika hali ile, kuna supu ya njegere, ya kutosha watu watatu.

Supu yangu! Na mezani wakazungumza habari za mbuzi.

Jumapili, 16 Novemba

Kifungua kinywa. Nikamuuliza Rika atampigia lini mwenye kijumba, kumwambia hahami tena.

Akauliza kwa nini hahami.

Nikarudia hoja tangu mwanzo, polepole, nikitumia vifuniko vya jemu. Hiki ni Bi. Vos. Hiki ni Boef. Hiki ni bahari. Nikaondoa cha kwanza, cha pili kikaanguka, cha tatu nikakiweka mfukoni. Akafuata yote kwa makini. Kisha akavikusanya vifuniko akavirudisha kwenye chupa zake.

"Gerlof wee. Boef hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema."

Akanieleza. Siku ile alikwenda kwa Bi. Vos kwa ajili ya sikio la Boef linalowasha. Akakaa, akaulizwa hali, akajikuta anaongea saa nzima. Kuhusu upepo, na mchanga, na jinsi anavyoamka hapa kila asubuhi akiwa amechoka kabla ya kufanya lolote. Mwishowe Bi. Vos akasema mbwa huyu anataka bahari. Rika alilia njiani hadi nyumbani.

Nikasema angeniambia mimi moja kwa moja, kaka yake.

"Nimekuambia. Nilikuambia kiangazi. Nilikuambia siku ya kuzaliwa kwangu. Ulisema hewa ya chumvi inatia baiskeli kutu."

Nakumbuka. Na ni kweli inazitia kutu.

Nikauliza kama amenikasirikia. Akasema hapana, hata kidogo. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo mpaka chai ikapoa. Baadaye niliosha vikombe. Halafu nikaviosha tena.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimewasindikiza hadi Texel. Upepo mkali kwenye kivuko. Kofia yangu imekwenda na haitarudi. Kijumba ni kidogo, kina dirisha la jikoni lisilofunguka kabisa. Rika akasema atalirekebisha atakavyo.

Tukaenda ufukweni. Sasa, jambo muhimu sana: Boef aliiona bahari, akaibwekea mara moja, akageuka, akajificha nyuma ya miguu ya Rika! Mbwa haipendi bahari! Nilimpigia Rika kelele juu ya upepo: unaona, hataki! Nilikuwa sahihi kuliko hata nilivyodhani!

Rika akacheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye mchanga, anajifuta macho, mashavu mekundu, nywele zimesimama. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo. Nilisimama pembeni nikaangalia.

Kivuko cha kurudi kilikuwa na nafasi nyingi.

Jumatatu, 1 Desemba

Nyumba imetulia. Nimepika supu ya njegere. Imekuwa nzito kiasi kwamba mwiko unasimama wenyewe, jambo zuri, lakini chumvi imezidi. Nimeila.

Dokta Pauw amepiga simu kuuliza hali yangu. Nikasema matokeo yetu bado ni imara. Akasema hakuuliza matokeo. Akanialika nyumbani kwake chakula cha jioni kesho, mkewe anapika. Nimekataa. Nina kazi.

Maana nimegundua kosa langu! Nilimpima mtu asiye mhusika. Mwenye dai hasa ni Rika. Anadai ana furaha kule. Dai la ajabu, halina ushahidi wowote zaidi ya neno lake mwenyewe na kicheko kimoja kwenye upepo. Lipimwe!

Nimebuni leo, karatasi tisa. Rika atakaa wiki moja Texel, wiki moja hapa, kwa kupokezana, wiki ipi iwe ipi iamuliwe kwa karatasi za kofiani. Kila siku anaandika furaha yake, kuanzia sifuri hadi kumi. Kikwazo ni kimoja tu: ili matokeo yawe safi, asijue yuko wapi. Nafikiria kitambaa cha macho na pamba za masikioni. Harufu ya chumvi bado sijaipatia dawa.

Nimempigia kumwomba ridhaa. Akauliza nimekula nini leo. Nikamwambia swali hilo halimo kwenye jaribio, na kwamba aje Ijumaa bila kukosa, kwa sababu kila jaribio la maana linahitaji upande wa kulinganishia: mtu ambaye hajabadilishiwa chochote, anayebaki palepale alipokuwa.

Akauliza huyo atakuwa nani.

Nikamwambia asijali, nimeshampata.